Divai Iliyolala Kitandani

Msichana anayekuja kwenye kazi ya divai akiwa amejipaka manukato, mimi ningemrudisha nyumbani hata leo, ingawa nimestaafu na sina tena mamlaka ya kumrudisha mtu yeyote. Hilo ni la kwanza na ndilo kubwa. Ukichoka kusoma hapa katikati, bora uwe umelipata hilo.

Ninyi wasichana wa kanisani mnaoanza kazi kwenye mastoo ya Seven Hills mmeniomba niandike uzoefu wangu. Neno kubwa hilo, uzoefu. Mimi nilisoma madarasa manne kule Uvira, nikaolewa, nikakimbia vita, nikavuka bahari nikafika huku Doonside na watoto watano na begi moja ambalo zipu yake haikufunga. Uzoefu wangu ni miaka kumi na mmoja ya kufungua chupa, kunusa, kumimina na kufunga. Basi. Lakini mkiweka simu chini mtasikia mawili matatu. Nimesema chini, si mfukoni.

Bosi wetu aliitwa Colin. Aliagiza divai kutoka Ufaransa, si nyingi, na kuiuzia mikahawa ya mjini na ya kando ya bahari. Stoo yake ilikuwa katikati ya fundi wa milango ya gereji na duka la vigae, na ndani kulikuwa na baridi mwaka mzima. Mimi nilivaa sweta mbili hata mwezi wa kwanza, ambao huku ni kiangazi, watu wakiungua nje. Mkija na vile viblauzi vyenu mtaumwa kifua, halafu mtasema mmerogwa.

Nilichukuliwa kufagia. Siku moja Colin alifungua chupa mezani akanuna. Nilikuwa napita na ufagio, nikamwambia, "Hiyo inanuka kama boksi lililonyeshewa." Akaniangalia. Akafungua nyingine kutoka katoni ileile, akanipa. Nikamwambia, "Hii haina kitu, hii safi." Akafungua ya tatu. Kufika saa ya chakula nilikuwa nimenusa chupa kumi na nne na sakafu ilikuwa bado chafu. Tangu siku hiyo akawa ananifundisha: glasi ishike mguu, usishike tumbo, mkono wako una joto, funika mdomo wake kwa kiganja, tikisa, ondoa kiganja, nusa mara moja fupi. Mara moja! Pua ni kama mgeni, ukimng'ang'ania anachoka. Boksi lililonyeshewa ni ugonjwa wa kizibo, na divai yenyewe haina kosa.

Mama yangu alikuwa akipika kasikisi, pombe ya ndizi. Nimekulia kwenye mitungi. Tangu nibatizwe sijaweka pombe mdomoni, na kanisa letu mnalijua. Lakini hakuna mchungaji aliyewahi kukataza pua.

Sasa niwacheke kidogo, na mimi nijicheke, ili tuwe sawa.

Kati ya divai zote za Colin, moja ndiyo iliyonipa adabu. Inaitwa Muscadet. Inatoka kule mto Loire unapoingia baharini, karibu na mji wa Nantes, na ni nyeupe, karibu na maji. Juu ya chupa zake imeandikwa maneno mawili: *sur lie*. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni na cha darasa la nne, kwa hiyo kusoma ninasoma polepole na kwa sauti. Nikasoma: sir li. Na "li" kwa Kifaransa cha kwetu ni nini? Ni kitanda. Kila mtoto wa Uvira anajua. Nikasema, kumbe, hii divai inatakiwa kulazwa kitandani.

Colin alikuwa ameenda mjini. Paleti mbili zilikuwa zimesimama wima, mzigo wote. Nikaanza kulaza. Nililaza katoni moja moja kwa upole kama watoto wachanga, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa, nikaziba njia yote ya forklifti, na zile za chini zikaanza kubonyea kwa uzito. Nikatandika na maboksi tupu chini yake. Bosi aliporudi alishindwa kuingia kwenye stoo yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "nini hiki?"

"Nimeilaza."

"Kwa nini?"

"Imeandikwa. Soma mwenyewe. Juu ya kitanda."

Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akatoa miwani. Mimi nilisimama mikono kiunoni, nikisubiri amalize. Alipomaliza akanieleza kwamba lile "li" lina herufi nyingine mwishoni, na maana yake si kitanda, ni machicha. Yale yanayobaki chini ya chombo pombe ikishaiva. Wazungu wengi wakishakamua zabibu na divai ikishatulia, huitoa haraka juu ya machicha na kuihamishia chombo kingine. Wale watu wa Muscadet hawahamishi. Wanaiacha ilale juu ya machicha yake majira yote ya baridi, halafu wanaitia chupani moja kwa moja kutoka hapo.

"Kwa hiyo imelala," nikamwambia.

"Imelala, ndiyo."

"Na machicha ndiyo kitanda chake."

Akavua koti akanisaidia kuzisimamisha.

Nawaambia hili kwa sababu kila mwaka anakuja mtu mpya na kukosea kwa lugha yake. Baadaye kidogo alikuja Wanjiru, Mkenya, mwanafunzi wa unesi aliyekuwa akitoka Campbelltown alfajiri kwa treni, akifanya nasi siku tatu kwa wiki. Aliniita shosho, yaani bibi kwa lugha yao. Yeye alisoma maneno yaleyale kwa Kiingereza.

"Shosho, aki hebu ona. Wameandika 'lie'. Yaani wamekubali wenyewe kwamba ni uongo?"

"Soma kazi yako."

"Si ndiyo nasoma! Heri hawa ni waaminifu. Wengine hudanganya na hawaandiki."

Na tena jina la divai lenyewe linadanganya. Watu wakisikia Muscadet wanafikiri ni ile ya sukari inayonywewa kwenye harusi. Dada mmoja wa kwetu, wa kanisa lingine, aliniomba nimtafutie katoni kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wake. Nikamwambia si tamu. Akasema namnyima. Nikampelekea. Mpaka leo akiniona anakunja uso kama ameuma limau. Zabibu zake huitwa Meloni, na wala hazina ladha ya tikiti. Ni divai kavu, nyepesi, ina chumvichumvi ya baharini kwa mbali, na ukiitia mdomoni inachomachoma ncha ya ulimi kidogo kisha inanyamaza. Kazi yake ni kunywewa pamoja na chaza, wale wa kwenye magamba. Usiipeleke kwenye nyama ya mbuzi. Mbuzi ataimeza.

Sasa korona.

Mnaikumbuka ninyi kama likizo ya shule. Sisi watu wa magharibi ya mji tunaikumbuka vingine. Mwaka ule wa pili, waliokaa karibu na ufukwe walitembeza mbwa, na sisi tulikuwa na helikopta ya polisi juu ya paa na barua ya ruhusa ya kwenda kazini ndani ya sidiria. Nilipanda treni Doonside na kushuka Seven Hills nikiwa peke yangu kwenye behewa zima. Kila baada ya siku chache kijiti cha kupimia puani. Mimi pua yangu ndiyo ajira yangu, kwa hiyo nilimwambia yule nesi, "Taratibu, mwanangu, hapo ndipo ninapopatia chakula."

Mikahawa ilifungwa na Colin akabaki na divai bila mnunuzi. Ndipo akaanza chupa ndogo. Unafungua chupa kubwa, unaigawa kwenye vichupa sita kama vya dawa ya kikohozi, unampelekea kila mtu kimoja nyumbani, halafu jioni wanakutana kwenye video na kunusa pamoja. Kazi ya kumimina ilikuwa yangu na Wanjiru. Sikilizeni, hii itawafaa: jaza kichupa mpaka shingoni, usiache hewa, hewa ikibaki, kesho yake divai imechoka. Na kila chupa kubwa inuswe kabla ya kugawanywa, kwa sababu chupa moja mbovu inaharibu nyumba sita.

Mwezi wa nane bosi akaumwa. Alikaa kwao siku kumi na nne, akarudi amekonda, lakini anatembea. Akasema yuko sawa. Tukaamini.

Kulikuwa na kontena moja la Muscadet lililochelewa baharini. Lilikaa bandari za watu, likakaa nje ya hapa, na liliposhushwa lilikuwa limekula jua wiki nyingi. Divai ile yote ilikuwa na mteja mmoja tu, mama aitwaye Denise, mfugaji wa chaza wa pwani ya kusini. Na yeye mikahawa aliyoiuzia ilikuwa imefungwa. Alikuwa ameamua kuuza chaza kwa maboksi, mlango kwa mlango, na kila boksi liwe na chupa moja ya Muscadet. Colin alituita akatuambia bila kuzunguka: Denise akiichukua, stoo inafika mwaka mpya. Akiikataa, stoo inafungwa mwezi ujao, na sisi wawili tutafute pengine. Wanjiru alikuwa analipia chuo. Mimi nilikuwa na miaka sitini na mbili. Nani angeniajiri, na pua tu?

Denise alipelekewa chupa tatu za kuonja. Akapiga simu. Alisema divai ina vijipovu, inachoma ulimi, anafikiri imeanza kuchacha upya kwa lile joto. Hajakataa bado. Anataka wafungue pamoja kwenye video kesho yake saa nane, Colin amwambie uso kwa uso kama ni nzima.

Kuchomachoma ulimi si kosa kwa divai hii, nimeshawaambia. Machicha huiachia pumzi kidogo. Lakini divai iliyoungua jua na kuchacha upya nayo inachoma. Zote mbili zinachoma. Kinachoweza kuzitenganisha ni pua na mdomo, basi.

Mchana ule Colin alifungua chupa ya kwanza kutoka kwenye kontena. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, mbali kama sheria ilivyotaka, nimevaa barakoa mbili. Akamimina, akatikisa, akaingiza pua yote ndani ya glasi, akafumba macho. "Nzuri," akasema. "Safi kabisa."

Nami kule niliko, na barakoa zangu mbili, nilikuwa naisikia ikinuka kama godoro la mtoto anayekojoa: ugonjwa wa kizibo, tena mkali.

Nikamfungulia nyingine, ambayo ilikuwa nzima. "Nzuri," akasema, kwa uso uleule. Nikaenda jikoni, nikatia siki ya chipsi kwenye glasi na maji kidogo, nikamletea. Najua, si adabu. Akanusa, akafumba macho.

"Hii ndiyo bora," akasema.

"Hiyo ni siki ya Wanjiru."

Wanjiru akaangusha katoni tupu. Bosi aliweka glasi chini taratibu sana. Nilifikiri atanifukuza. Akavuta kiti.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya tatu ya homa. Hakuna kitu, Mama. Kahawa, sabuni, moshi. Hakuna."

"Na kesho ungemwambia nini Denise?"

"Kwamba ni nzuri. Nimesema hivyo miaka thelathini, najua maneno yake."

"Ungesema uongo."

"Ningebahatisha."

"Kwenye stoo hii zinazosema uongo ni lebo tu," Wanjiru akadakia, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Nikamwambia bosi alete ndoo. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya kutemea. Kunusa pekee kusingetosha; kuchomachoma hakunuswi, kunaonjwa. Nilimwomba Mungu msamaha kabla, si baada, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu. Halafu nikawatuma kwenye kontena. Hapa tegeni sikio: ukitaka kujua mzigo uliopigwa jua, usichukue chupa za mlangoni tu kwa sababu ziko karibu. Chukua za juu kabisa chini ya bati, chukua za katikati, chukua za sakafuni. Nikaweka kumi na mbili mezani, kila moja na kipande cha karatasi kinachosema ilikotoka.

Nikavua barakoa. Nikaonja ya kwanza.

"Shosho, usimeze!" Wanjiru akapiga kelele.

"Funga mdomo, unanivuruga wangu."

Za sakafuni zilichoma kidogo, ncha ya ulimi, zikatulia, zikaacha chumvi. Zilikuwa na harufu ya unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Nilijua ile harufu kabla sijajua kusoma; ni ya mtungi wa mama yangu, asubuhi, kabla hajauchuja. Za katikati hivyohivyo, isipokuwa moja yenye ugonjwa wa kizibo. Za juu chini ya bati ndizo zilizonyanyua vizibo. Hizo zilinuka matofaa yaliyopikwa yakasahauliwa jikoni, na zilichoma mpaka kooni bila kunyamaza. Nilitema kwa nguvu nikamlowanisha bosi kiatu.

"Safu ya juu yote itoke," nikamwambia. "Hizo mwaga. Zilizobaki ni nzima."

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina hakika ningekuwa nimevunja kiapo cha ubatizo kwa mchezo?"

Kesho yake saa nane tukakaa mbele ya kompyuta. Denise alikuwa kwenye banda lake, amevaa mabuti, nywele zimepigwa upepo, na mbele yake chaza sita na chupa. Colin alianza vizuri. Alisema habari za mto, za mawe, za majira ya baridi. Akainua glasi, akaipeleka puani, akakaa nayo hapo. Muda ukapita mpaka Denise akafikiri mtandao umekwama.

"Denise," akasema, "siwezi kunusa. Korona imeichukua pua yangu. Sijui divai hii ikoje. Anayejua ni huyu hapa."

Akasogeza kiti, nami nikajiona kwenye kioo, na kitambaa changu cha kichwa kimekaa upande.

Kiingereza changu mnakijua. Denise akaniuliza, "Wewe unakunywa divai?"

"Hapana."

"Hujawahi?"

"Nimeanza jana. Na nimetema."

Akatazama pembeni, labda kwa mumewe. Nilisikia Wanjiru nyuma yangu akisema "Yesu" chini kwa chini. Basi nikamwambia Denise ukweli wote kama ulivyo. Nikamwambia safu ya juu imeiva kwa jua na hatapata hata chupa moja ya safu hiyo, tumeshaitoa. Nikamwambia katika zilizobaki atakutana na moja moja yenye harufu ya boksi lililonyeshewa, airudishe, atapewa nyingine. Kuhusu kuchoma, nikamwambia divai hii imelala juu ya machicha yake na haijaamshwa njiani, kwa hiyo ile ni pumzi yake. "Hesabu," nikamwambia. "Ikichoma na kunyamaza kabla hujafika tatu, ni nzima. Ikiendelea, ni mgonjwa."

Akamimina. Akaonja. Nikaona midomo yake inahesabu. Akachukua chaza, akafyonza kwa kelele ambayo nyumbani kwangu angepigwa kofi, akaonja tena.

"Mbili," akasema.

"Eeh."

"Inafanya chaza wangu wawe watamu."

"Sijui. Chaza siwezi kula. Wanatazama."

Alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema ataleta gari Ijumaa, achukue yote ukiacha safu ya juu. Kompyuta ilipozimwa Wanjiru alinikumbatia, sheria au si sheria, nami nikamkaripia asinisukume kitambaa.

Bosi hakusimama. Alikuwa bado ameshika ile glasi.

"Niambie inanukaje," akasema.

"Umeshasikia, nimemwambia Denise."

"Hapana. Niambie mimi."

Nikakaa. Nikamwambia unga ulioumuka. Nikamwambia jiwe la mtoni ulilolitia mdomoni ukiwa mtoto. Nikamwambia ganda la limau ukilikwangua kwa ukucha. Alifumba macho, akawa anaitikia kichwa kwa kila moja, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Ikawa kazi yangu mpya. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa mizigo, alimimina kidogo, mimi nanusa na kusema, yeye ananusa na hapati kitu. Spring, majira yao ya maua kuchanua, ikapita hivyo, na krismasi. Tulifunguliwa tena, mikahawa ikaanza kupiga simu, na yeye bado alikuwa anashika glasi kama kikombe cha maji. Sikuwahi kumwonea huruma kwa sauti. Nilimwambia kila siku kwa utaratibu uleule: unga, jiwe, limau.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nikafika kwenye limau, akanikatiza.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Si limau, Mama. Ni chungwa bichi."

Wanjiru aliacha kufunga katoni. Mimi nikamwambia ni limau. Akainusa tena, mara moja fupi kama alivyonifundisha, akasema ni chungwa bichi, ganda lake. Nikamwambia miaka yote hiyo ya divai ya Ufaransa na hajui limau. Akasema watu wa Uvira ndio hawajui chungwa. Tulibishana hadi saa ya chai, na hakuna mzigo uliotoka siku hiyo.

Lilikuwa limau.